Kiunza cha Saipresi

Mtu akikwambia Fundi ana pua kubwa, amekuongopea. Pua yake ni ya kawaida, tena ndogo kwa uso ule. Kilichokosekana ni adabu ya pua. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa ameshauinamia mkono wa kochi lako, ananusa; na maji ya kunywa hayajafika umeshaelezwa kwamba kochi hilo uliloambiwa ni la mkangazi ni saipresi iliyopakwa rangi ya mkangazi, na kwamba aliyekuuzia ana la kujibu mbele ya Mola wake. Sisi watu wa mtaa wa Shika Adabu tulimzoea. Wageni ndio waliopata taabu.

Mimi ni mshoni wa kanzu. Kibanda changu na karakana yake ya useremala vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka alipoifunga karakana kwa sababu ya magoti, na ukuta wenyewe ulikuwa na matundu. Kanzu nyeupe nikiitundika asubuhi, ikifika adhuhuri imeshakuwa rangi ya unga wa dengu. Nikienda kumgombeza ananiambia, "Vumbi la saipresi hilo, Mshoni. Wenzako hununua udi kwa pesa, wewe wafukizwa bure, nawe wanuna."

"Bwana harusi hataki kunukia kabati, Fundi."

"Basi hajui raha."

Namsimulia leo kwa sababu kuna jambo nilimkosea, na kwa miaka lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Fundi alitaka mambo mawili tu duniani baada ya riziki na afya. La kwanza, Tajiri wa mbao akiri kwa ulimi wake kwamba dari ya madrasa yetu ni paini wala si saipresi. La pili, yeye mwenyewe akifa azikwe chini ya mbao za saipresi ya kweli. Mambo madogo hayo, utasema. Lakini lile la kwanza lilimgharimu jina lake mbele ya watu, na mkono ulioshika kalamu siku hiyo ulikuwa huu wangu. Nitafika huko. Kwanza umjue mtu mwenyewe.

Elimu yake hakuisoma mahali. Aliipata kwa randa na kwa pua, na aligawa bila kuombwa. Ninapiga cherehani, kichwa kimeinama, nasikia ukuta wa mabati unagongwa. "Mshoni, njoo! Fumba macho!" Nikikataa anagonga tena, mpaka mteja wangu anasema, "Nenda tu, bwana, tupate amani." Naenda, nafumba macho, naletewa maranda puani. "Hii nini?" Nikisema sijui, ananiambia, "Wallahi Mungu amekupa pua ya kushikia miwani tu."

Lakini mja hufunzika, hata kwa nguvu. Mwaka wa tatu nilikuwa nazijua mbao za bara kama ninavyojua poplini na kitani. Mwerezi ni mwekundu, unanuka kama penseli ukiichonga, na una hasira: msumari mmoja tu umeshapasuka. Paini ina mistari mipana, mmoja mweupe mmoja wa kahawia, utadhani kikoi, na harufu yake ni ile ya mpaka rangi anapoosha brashi. Saipresi ni njano iliyofifia, karibu na moyo wa mti inaingia kahawia kidogo. Nyuzi zake ni nyembamba na zimetulia, nyepesi mkononi, msumari inaupokea bila ugomvi, na ikikauka haijipindi sana. Macho inayo mengi, yale mafundo ya matawi, lakini ni madogo na yamekaza, hayachomoki. Harufu yake ni ya ubaridi, kama ganda la ndimu ulilolisahau mfukoni.

"Na kubwa kuliko yote," Fundi alikuwa akisema, kidole juu, "paini hulia. Itie joto, utauona utomvu unachuruzika, unanata. Saipresi haina machozi. Shida zake inazimeza."

Hakuwa akiisifu kupita kiasi. Ukimwambia saipresi hailiwi na mchwa anakukasirikia. "Nani kakwambia? Ule weupe wa nje mchwa wanaula kama mkate wa mofa. Moyo ndio unaowachosha. Usiipe sifa isiyo yake. Ukiisingizia wema nayo ni kuisingizia." Watu walikuwa wakija kununua meza kwake wanaondoka bila meza, kwa sababu alitumia nusu saa kuwaeleza ubaya wake.

Ajabu ni kwamba katika mengine yote alikuwa mwongo wa kutupwa. Umri wake ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kadiri ya anayemuuliza. Aliniapia kwamba aliwahi kumshika papa kwa mkia akamgeuza. Nilimpima kanzu, miezi miwili baadaye akaja kunilaumu kwamba kitambaa changu kimerudi kwa kufuliwa, na tumbo lake limesimama hapo mbele yetu sote kama shahidi. Mkewe alikuwa akisema, "Mume wangu kama si mbao, asingekuwa na neno la kweli la kuhesabiwa." Na ndani ya nyumba yao hakuna kiti cha mbao hata kimoja. Viti vyote vya plastiki, vya buluu. Nilipomuuliza alinijibu, "Nikikaa juu ya mbao nafanya kazi. Hapa nimekuja kupumzika."

Siku moja kifua kilimbana, tukampeleka hospitali. Tumekaa kwenye benchi tukingoja kuitwa, mara namuona anashuka taratibu, anapiga magoti, kisha anaingiza kichwa chini ya benchi. Muuguzi akapiga ukelele, wakaja watu na machela, wakambeba. Yeye anapelekwa huku ameinua kichwa anauliza, "Hili benchi nani kaliunda? Hili saipresi kavu hasa! Nani kaliunda?" Daktari alipompima aliona moyo unakwenda mbio, akaandika dawa. Sikumwambia daktari kwamba moyo ule ulikuwa wa furaha.

Na ile ya harusi je? Kwetu, vyombo vya bibi harusi vikiletwa, kitanda hufungwa mbele ya kina mama, na kina mama huja na macho yao yote. Fundi aliitwa akifunge. Kitanda kilisifiwa tangu mwezi mzima kwamba ni mvule mtupu, kutoka kichwani hadi miguuni. Shangazi zake bwana harusi wamejipanga ukutani, mabuibui na manukato, wanaimba. Fundi akauinua ubavu wa kitanda, akaupitisha puani, akasema kwa sauti ile yake ya karakana, "Huku kichwani mvule. Mbavuni saipresi."

Nyimbo zilikatika. Mama wa bibi harusi alishika mlango asianguke. Mimi nilikuwa nje na kofia za wageni, nikajua leo hapa patachimbika. Fundi naye, kwa mara moja katika maisha yake, aliona alilolifanya. Akakuna kidevu, akasema, "Na heri iwe hivyo. Mvule hulalamika usiku kucha. Saipresi haipigi kelele."

Vigelegele vilivyolipuka vilisikika mpaka barabara kuu. Shangazi mmoja alimfuata jikoni kumuuliza kama anaweza kubadilisha mbavu za kitanda chake.

Sasa nije kwenye dari. Madrasa yetu ilipojengwa upya, Tajiri wa mbao alisimama siku ya Ijumaa akatangaza kwamba dari yote ni sadaka yake, saipresi tupu kutoka bara, wallahi. Tulimuombea dua mpaka akalia. Tajiri hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alikuwa mcheshi, anatoa, anasimama na watu misibani. Ila mdomo wake na yadi yake havikuwa na habari moja. Yadi ilikuwa na mbao za kila aina, na mdomo ulikuwa na saipresi tu.

Lori lilipokuja Fundi hakuwepo. Alikuwa Kwale kwa msiba wa dadake. Tuliteremsha mbao wenyewe, mimi nikiwemo kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati, na ukatibu kwetu ni kazi ya kubeba. Jua lilikuwa kali. Nilibeba ubao wa kwanza, nikahisi harufu ya brashi ya mpaka rangi. Nilibeba wa pili, kiganja kikanata. Mpaka magharibi nilikuwa naosha mikono kwa mafuta ya taa, na nilijua. Nilijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Nikanyamaza. Nilijiambia, nani mimi, mshoni, kumrudishia mtu sadaka yake? Tena Tajiri na wanawe wote walikuwa wakishona kwangu. Niliona haya, na haya yangu nikaiita heshima.

Fundi aliporudi, dari imeshapigwa na imeshapakwa rangi nyeupe, tabaka mbili. Siku ya kufungua madrasa aliingia, akasimama mlangoni, akainua pua.

"Paini," alisema.

Tajiri alikuwa amekaa mbele na maua shingoni. "Saipresi, Fundi. Wallahi saipresi."

"Nipeni nafasi ya ukucha mmoja tu niikwaruze rangi."

"Mali ya wakfu haikwaruzwi," akasema mwenyekiti wetu. "Na sadaka ya mtu hainuswi. Kaa chini, Fundi, tule biriani."

Ukafika msimu wa joto. Mabati yakawaka, na dari ikaanza kutoa mabaka ya njano, hapa na pale, hasa kwenye macho. Tajiri akasema paa linavuja. Tukaliziba. Mabaka yakaongezeka. Tukaliziba tena. Mvua haikuwa imenyesha tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi, lakini kamati yetu iliziba paa mara tatu, na mimi niliandika mara tatu kwenye kumbukumbu: "Paa limezibwa." Fundi alikuwa akipita na kapu lake anauliza, "Mvua ya leo ilikuwaje, Mshoni?" na jua limesimama utosini.

Kisha Ustadh, mwalimu wa watoto, akaja kibandani kwangu na kofia yake ya viua kichwani, ile ya Idi. Juu kabisa palikuwa na tone la njano, limeganda. Aliniomba niitoe doa. Kabla sijaipokea, ukuta wa mabati ukatoa sauti: "Mshoni, hiyo harufu inatoka wapi?" Akaingia, akaomba kofia. Ustadh akaing'ang'ania kichwani. Fundi akamfuata kukizunguka cherehani mara mbili, anamwomba kwa adabu zote, "Niruhusu Ustadh, nikunuse kidogo," na Ustadh anasema "Astaghfirullah, Fundi, astaghfirullah." Mwisho akamnusa hivyo hivyo, kichwa na mwenyewe ndani yake, kisha akatoka nje akapaza sauti njia nzima: "Paini! Inalia juu ya vichwa vya watoto!"

Tajiri aliposikia alisema doa lile ni mafuta ya sambusa.

Mambo yakachacha. Tajiri akaiambia kamati kwamba ametukanwa kwa ajili ya sadaka, na kwamba hatatia mguu madrasa mpaka Fundi amsafishe jina mbele ya watu. Kamati ikakaa, ikaamua: Fundi asome karatasi. Karatasi iandikwe na katibu. Katibu akaiandika, kwa hati nzuri, kama alivyozoea: "Mimi Fundi naitambua dari hii kuwa ni saipresi, na ninaomba radhi."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani ni kwa ajili ya mkewe, ambaye kina mama walikuwa wameacha kumwitikia salamu. Alisimama Ijumaa ile, kanzu imembana tumboni, akasoma: "Mimi Fundi naitambua dari hii kuwa ni saipresi, kama ilivyoamuliwa na kamati yenye muuza samaki mmoja, dereva mmoja wa tanki la maji, na mshoni, na ninaomba radhi." Watu walicheka, mwenyekiti akasema imetosha, Tajiri akamkumbatia. Nami nilicheka. Lakini karatasi hakumrudishia mwenyekiti. Alikuja kunitilia mimi mkononi, akanitazama, akaenda zake. Na tangu siku hiyo ukuta wa mabati haukugongwa tena. Maranda alinusa peke yake. Ukitaka kujua jinsi kimya kinavyouma, keti miaka nenda miaka rudi kando ya mtu aliyekuwa akikusumbua.

Hapo ndipo alipoanza habari ya kiunza. Kiunza, kwa asiyejua, ni zile mbao tunazomwegemezea maiti wetu mle kaburini ili mchanga usimwangukie. Watu hawazichagui, huchukuliwa zozote zilizopo. Fundi akasema, "Nimewekwa chini ya paini nikiwa hai, maiti sikubali." Akatafuta saipresi, akaipiga randa, akaikata kwa kimo chake, akazipanga mbao juu ya boriti za paa nyumbani kwake, usawa wa kitanda.

"Mchwa wataila tu, Fundi," nilimwambia.

"Wataila. Lakini watajua wamekula nini."

Mkewe alilalamika kwa kila aliyepita. "Wenzangu wamewekewa chandarua juu ya kitanda. Mimi nimewekewa kaburi."

Balaa ni kwamba watu hawafi kwa ratiba ya maduka. Mtu amefariki alfajiri ya Idi, mazishi adhuhuri, yadi zote zimefungwa. Nani ana mbao zilizokwisha kupigwa randa? Wanakwenda kwa Fundi. Hakuwahi kumrudisha mtu. Ukifika mlangoni ukasema una msiba, alikuwa haulizi nani. Aliuliza, "Urefu?" Kisha anapanda, anateremsha, anakupa, na kesho yake anavuka feri kwenda Changamwe kuanza upya. Mara sita alizitoa mbao zake. Kila mara ilimchukua miezi kupata nyingine, kwa maana hizi zina weupe mwingi, zile jicho limelegea, nyingine zinanuka sivyo. Walinzi wa yadi za Changamwe walimjua. Mmoja, mtu wa bara, alimuuliza, "Mzee, kwani unanunua mbao ama unaoa?" Fundi akamwambia, "Mke nilimchukua kwa haraka zaidi."

Zile za mwisho zilikuwa nzuri kuliko zote. Hata mimi, niliyekuwa nazitazama kupitia tundu la ukuta, niliona. Baada ya hizo magoti yakagoma, karakana ikafungwa, na pale pake sasa panauzwa vifuniko vya simu. Kila mtu alijua kwamba Fundi hatavuka tena kutafuta mbao. Alizonazo ndizo.

Mwaka jana, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, Tajiri alifariki baada ya kuugua wiki kadhaa. Asubuhi mwanawe mkubwa, mtu mzima na ndevu zake, alinijia kibandani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Mungu amrehemu."

"Amin. Katibu, baba aliacha neno, nami sijui nilifikishe vipi. Nisindikize kwa Fundi."

Tulimkuta kwenye kiti chake cha buluu, anakunywa chai ya tangawizi. Macho yalikuwa yameshafifia, alituona kama vivuli viwili.

"Msiba?" aliuliza.

"Msiba," nikasema.

"Urefu?"

"Kimo changu, Fundi," yule mwana akajibu.

Fundi akainua uso aliposikia sauti. "Baba yako?"

"Baba."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." "Yadi yenu imefungwa?"

"I wazi."

"Mbao zimekwisha?"

"Zimejaa mpaka barabarani."

"Sasa wataka nini kwangu?"

Yule bwana akakohoa. "Baba kasema hivi: msinilaze chini ya mbao zangu. Nendeni kwa Fundi, mwombeni zake. Na mwambieni ile dari ni paini, nilijua, anisamehe."

Fundi aliweka kikombe chini.

"Sikio hili halisikii vizuri," alisema. "Rudia."

Akarudia.

"Mama watoto! Njoo usikie neno." Mkewe akaja na mikono ya unga. "Haya, mwambie na huyu."

Akarudia mara ya tatu, machozi yanamtoka. Fundi akageuza kichwa dirishani. "Hivi jirani wa upande ule yupo?"

"Fundi, yatosha," nikasema. "Mwenzio ana maiti nyumbani."

Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alipoondoa mikono niliona anacheka na analia, yote mawili, na hakujaribu kuficha hata moja.

"Utampa?" mkewe aliuliza. Mwanamke aliyelalamikia zile mbao miaka yote hiyo, sasa amesimama mlangoni mwa chumba kama askari. "Na wewe je? Magoti hayo yatavuka feri?"

"Hayatavuka."

"Basi utazikwa na nini?"

"Na chochote watakachouza hawa." Akamtazama mwana wa Tajiri, naye akainamisha kichwa. "Mpishe, Mama watoto. Miaka yote Tajiri aliuza saipresi kwa mdomo. Na apate ya kweli leo."

Makaburini alikataa kukaa pembeni. Alisimama ukingoni, tumemshika mimi huku na mtu mwingine huku, na kila ubao ulipita mkononi mwake kabla haujateremshwa. Kila ubao aliunusa. Watu walisubiri na jua lile. Wa mwisho ulipotoka mkononi mwake aliinama mbele, akasema kwa upole kabisa, "Hiyo ndiyo, Tajiri." Imamu alikohoa. Mimi nilicheka, kaburini, katibu mzima, na sikuona haya.

Ni njiani tukirudi ndipo nilipoutoa ule mwiba. Tulikuwa wawili tu, mkono wake begani kwangu.

"Fundi, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Dari. Nilizibeba zile mbao siku zinateremshwa. Mikono ilininata mpaka magharibi. Nilijua ni paini, kisha nikakuandikia karatasi."

Alisimama katikati ya njia. Sikumwangalia usoni, niliangalia viatu vyake.

"Tajiri aliongopa, akapata sifa," alisema. "Wewe ulipata nini, Mshoni?"

Niliurudisha mkono wake begani kwangu, nikamfikisha mpaka mlangoni kwake.

Kesho yake nilikifunga cherehani, nikavuka kwenda Changamwe. Nilikwenda siku hiyo na siku nyingine nyingi, mfungo wote, na swaumu yangu na pua yangu, yadi baada ya yadi, nikiwainamia watu mbao zao mpaka nikafukuzwa mara mbili. Baada ya Idi nilipata nilizoziridhia. Nilizipakia mkokoteni, nikazipeleka mwenyewe, nikaziweka miguuni pake.

Fundi aliupitisha puani ubao mmoja mmoja, bila haraka. Akapapasa macho ya kila ubao kwa kidole. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akasema ahsante, akamwita mkewe azipokee, zikapandishwa juu ya kitanda.

"Ndizo?" nilimuuliza.

"Chai yako inapoa," alinijibu.

Mpaka leo hajaniambia. Namuuliza kila Ijumaa tukitoka kuswali, naye kila Ijumaa ananiuliza habari za biashara. Najua anafanya kusudi, na najua ana haki, lakini jamani, mtu mmoja anawezaje kuwa mkaidi hivi?